Mwaka wa Kutazama Bila Msimulizi

Mwanzoni mwa Januari 2024 nilinunua daftari la kurasa 96 katika duka dogo lililo karibu na steji ya Umoja, Nairobi, nikalichora safu tano kwa rula, na juu ya jalada nikaandika: Filamu 52. Ahadi niliyojiwekea ilikuwa kutazama filamu moja kila Jumapili jioni kwa mwaka mzima, na zote ziwe zimeongozwa na Waafrika. Safu ya kwanza ilikuwa ya tarehe, ya pili ya jina la filamu na mwaka wake, ya tatu ya nchi, ya nne ya muda, na ya tano, iliyokuwa pana kuliko zote, niliiita "Niliyoyaona". Sikuiita "Maoni" kwa makusudi, kwa kuwa maoni ninayo mengi hata kuhusu filamu ambazo sijawahi kuzitazama, na sikutaka daftari liwe ghala la kuyahifadhia.

Masharti yalikuwa manne. Simu ingekaa jikoni, juu ya kabati la vyombo, hadi filamu iishe. Ningetazama mpaka jina la mwisho lipite kwenye skrini. Nisingesoma lolote kuhusu filamu kabla ya kuiona. Na la nne, nisingetazama filamu yoyote iliyotiwa sauti ya msimulizi. Sharti hili la nne niliandika kwa haraka, kama mtu anayejaza nafasi iliyobaki kwenye fomu, lakini ndilo lililonisumbua mwaka mzima, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Lazima nieleze kwamba mimi nililelewa na DJ Afro, msimulizi wa filamu za nje. Nilihamia Nairobi kutoka Taita nikiwa darasa la saba, nikakaa na baba katika chumba kimoja huko Kayole, na kwa kuwa baba alifanya kazi hadi Jumamosi jioni, mlezi wangu wa mchana alikuwa kibanda cha video. Kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie. Mbele kulikuwa na runinga moja iliyofungiwa ndani ya kizimba cha vyuma kana kwamba ingeweza kutoroka, na shilingi 10 zilikutosha kukaa kwenye benchi lisilo na egemeo kwa filamu mbili. Sauti ya DJ Afro ilikuwa imewekwa juu ya sauti za waigizaji, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, kwa hiyo mpiganaji wa Hong Kong alizungumza kama makanga wa Eastlands, na bosi wa majambazi alitukana kama jirani tuliyemjua. Tuliambiwa stelingi ni nani kabla hata uso wake haujaonekana vizuri, na sote tulijua kwamba stelingi hafi. Tuliambiwa nani ni msaliti, nani atajuta, na lini tucheke. Mtoto ambaye hakujua Kikantoni wala Kihindi alitoka pale ameelewa kila kitu, pamoja na mambo ambayo mwongozaji wa filamu hakuyatia.

Simdharau msimulizi huyo hata kidogo. Kazi yake ni ufundi, na si yetu peke yetu: Uganda wana akina VJ Jingo, na Tanzania nako kizazi kizima kilikua kikisikia filamu za nje zikisimuliwa kwa Kiswahili kitamu. Ninachosema ni kwamba nilifika umri wa miaka thelathini na sita bila kujua kwamba sikuwa nimewahi kutazama filamu peke yangu. Hata nilipoacha vibanda na kuanza kutazama kwenye laptopu, msimulizi alikuwa amehama tu. Sasa alikuwa ndani ya simu, kwenye muhtasari niliousoma kabla, kwenye makala niliyoyafungua katikati, kwenye watu niliowauliza mtandaoni maana ya mwisho wa filamu wakati majina bado yanapita.

Januari ilikuwa rahisi kwa sababu nilianzia nyumbani. Nilitazama Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, na Kati Kati ya Mbithi Masya, ya 2016, kisha nikarudi kwa Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga anayejulikana zaidi kama Tosh, ambayo ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuiwasilisha kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Nilikuwa nimeiona mara tatu hapo awali na nilidhani ninaijua. Mara hii, bila simu, niliona jambo ambalo lilikuwa limenipita mara zote hizo: kabla Mwas hajafika Nairobi, kabla ya kuporwa na kutupwa korokoroni, tunamkuta kijijini akiuza DVD, na namna yake ya kuziuza ni kuziigiza. Anasimama mbele ya watu na kuwa filamu nzima, bunduki, vilio na yote. Yaani mhusika mkuu wa filamu maarufu kuliko zote za mji wetu anaanza maisha yake kwenye skrini akiwa msimulizi. Nilisimamisha picha, nikaandika jambo hilo kwenye safu ya tano, na nikajiona mwerevu kwa siku kadhaa.

Ujanja huo uliisha Februari nilipofika kwa Yeelen ya Souleymane Cissé, ya mwaka 1987, filamu ya Mali iliyopata Tuzo ya Jopo la Waamuzi huko Cannes mwaka huohuo. Kuna sehemu ambapo mama yake Nianankoro, mhusika mkuu, amesimama katikati ya maji na majani, ameshika bakuli la maziwa, anaomba mwanawe anusurike na hasira ya baba yake mzazi anayemwinda. Anajimiminia maziwa kichwani. Yanashuka usoni, mabegani, yanaingia majini. Halafu anachukua bakuli jingine na kurudia. Hakuna muziki unaokusukuma ulie, na kamera haina haraka ya kwenda popote. Nilikaa kitini nikisubiri mtu aniambie nifanye nini na picha ile. Nakumbuka hata mkono wangu ulivyotoka wenyewe kwenda kwenye mfuko wa suruali, mahali simu hukaa, ukakuta hamna kitu, ukabaki humo kama mkono wa mtu aliyepanda matatu akagundua hana nauli. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hofu niliyokuwa nayo haikutoka kwenye filamu. Ilitokana na kutosimuliwa.

Usiku huo sikuandika kitu kwenye safu ya tano ila maneno mawili: maziwa, maji. Nikisoma daftari leo, ndiyo maandishi ninayoyaamini kuliko yote ya miezi ile ya kwanza.

Kupata filamu zenyewe kulikuwa kazi ya pili, na wakati mwingine kubwa kuliko kutazama. Huu ni mji ambao sinema zake zimebaki zaidi katika majina ya steji. Watu hushuka Odeon kila siku bila kuwazia kwamba Odeon ilikuwa ukumbi wa sinema, huzunguka mzunguko wa Globe, hukwama kwenye foleni ya magari Bellevue katika barabara ya Mombasa, mahali ambapo zamani familia zilitazama filamu zikiwa ndani ya magari. Nilienda kwa kijana wa duka la muvi mtaani kwetu, yule anayekujazia flashi kwa bei ya chapati mbili, nikamwambia ninatafuta filamu za Senegali. Akafikiri, akageuza skrini yake kuelekea kwangu, akanionyesha folda ya Kinaijeria yenye mamia ya filamu, kisha ya Kikorea, kisha ya Kituruki. "Senegali hawana muvi, bosi," akaniambia kwa upole, kama anayenipa habari za msiba. Nchi ambayo Ousmane Sembène alitengeneza Borom Sarret mwaka 1963, filamu fupi ya mwendesha mkokoteni wa Dakar ambayo watu wengi huihesabu kuwa ndiyo mwanzo wa sinema ya Afrika kusini mwa Sahara, haikuwa na hata folda.

Nyingine nilizipata katika maonyesho ya Alliance Française na Goethe-Institut, taasisi mbili ambazo ziko umbali wa kutembea tu pale katikati ya jiji, na mara chache katika ukumbi wa Unseen huko Kilimani. Nyingine nililipia mtandaoni kwa dola, jambo lenye kichekesho chake: Mkenya anamlipa Mmarekani ili aone filamu ya Mburkinabe. Silaumu sana, kwa sababu bila wanaozihifadhi zingeoza. Mwaka 2017 ulianzishwa mradi wa pamoja kati ya shirika la Film Foundation, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika na UNESCO wa kutafuta na kukarabati filamu 50 za bara hili, na baadhi ya zile nilizoziona zikiwa safi zilipitia mikononi mwa watu wa namna hiyo. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kutazama filamu kutoka kila nchi ya Afrika. Niliuacha mwezi Machi, kwani kwa nchi kadhaa sikuweza kupata hata moja ninayoweza kuifikia kutoka Umoja nikiwa na intaneti ya kawaida na mshahara wa kawaida.

Sasa nifike kwenye aibu. Mimi ni mhasibu. Ninafunga vitabu vya hesabu vya kampuni moja katika Eneo la Viwanda, na hakuna kitu kinachoniuma kama safu iliyobaki wazi. Machi ilipoisha nilikuwa nyuma kwa filamu mbili, na Aprili mvua zilipoharibu jiji, stima ikawa inapotea hovyo, nikawa nyuma kwa tano. Hapo ndipo nilianza kuchagua filamu kwa kuangalia muda kwanza. Cairo Station ya Youssef Chahine, ya mwaka 1958, niliichagua kwa sababu haifiki dakika 80, na La Noire de... ya Sembène, ya 1966, kwa sababu ni kama saa moja tu. Bahati yangu ni kwamba zote mbili ni filamu ambazo huwezi kuzichukulia kama deni lililolipwa. Diouana, msichana wa Dakar aliyepelekwa Antibes akidhani atalea watoto na kuona Ufaransa, anaishia kuona jiko, bafu na sebule. Kwa waajiri wake hasemi ila neno moja moja, lakini sisi tunaisikia sauti ya ndani ya kichwa chake. Nilitaka kumaliza haraka, na badala yake nilikaa hadi saa sita usiku nikitazama ukuta.

Lakini sikujifunza. Jumapili iliyofuata nilikuwa na Harvest: 3000 Years ya Haile Gerima, filamu ya Uhabeshi ya mwaka 1976, nyeusi na nyeupe, ya saa mbili na nusu. Nilitazama saa, nikatazama daftari, nikabonyeza kile kitufe cha kuongeza kasi hadi mara moja na nusu. Ile ni filamu ya watu wanaolima shamba la bwana mmoja, na uzito wake wote uko katika muda ambao kazi huchukua: jua linapanda, jembe linakwenda, mgongo unainama na haunyooki. Kwa kasi yangu wakulima walikuwa wakitembea vidato vifupi kama wanasesere, na ng'ombe wakilima kama wanaokimbia moto. Niliokoa dakika 50. Nikaandika "saa 2 na dakika 30" kwenye safu ya muda, uongo mtupu, kwa kalamu ileile ya bluu ninayoitumia kazini. Nimesaini hesabu za watu kwa miaka kumi na miwili bila kughushi tarakimu moja, na hapa nilikuwa nikighushi daftari ambalo hakuna mkaguzi angelifungua.

Nilirudia filamu hiyo mwezi Agosti, kwa mwendo wake. Sitadai kwamba kila dakika ilinifurahisha, kwa sababu kuna sehemu nilichoka kabisa. Ila mchoko wenyewe ulikuwa sehemu ya nilichopaswa kuona, na mtu aliyeruka uchovu ule hana habari za filamu hiyo hata akijua hadithi yake yote.

Juni sikutazama chochote kwa majuma matatu. Waliokuwa Nairobi mwezi ule wa maandamano watanielewa bila maelezo. Julai nilirudi na Softie ya Sam Soko, ya mwaka 2020, inayomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi na familia yake, na sikuweza kutenganisha picha za skrini na zile nilizokuwa nimeziona kutoka dirisha la ofisi. Safu ya tano ya siku hiyo haina kitu, na sikutaka kuijaza.

Kuna jambo la lugha ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nimezoea kuona manukuu ya Kiingereza chini ya skrini kama kitu cha kunisaidia na filamu za Kiwolofu au Kibambara. Halafu nikafika kwa Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, na kwa mara ya kwanza mwaka huo nikazima manukuu. Nilijisikia tajiri. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimerudisha nyuma mara tatu. Kiswahili cha Unguja ya miaka ya hamsini, cha wahusika Yasmin na Denge, kilikuwa changu na si changu, kama nguo ya kaka mkubwa: ninaijua, nimeiona ikianikwa tangu utotoni, lakini nikiivaa mikono inazidi. Sikuyarudisha maandishi. Niliacha maneno matatu manne yanipite kila baada ya muda, nikaona kwamba nikiacha kuyafukuza yanarudi yenyewe katika mandhari inayofuata, yakiwa na maana. Nikilinganisha, Nairobi Half Life yenye Sheng, Kiswahili na Kikuyu huonyeshwa na manukuu hata humu mjini, na nakumbuka jinsi jamaa wa Kayole tuliyeketi naye alivyochekea tafsiri kuliko mazungumzo yenyewe.

Niliwahi pia kujaribu kuwashirikisha wenzangu wa kazini kwa kufungua kundi la WhatsApp. Walidumu kwa filamu mbili. Kundi bado lipo, na siku hizi hutumika kuuza mayai.

Mwaka ulipoisha daftari lilikuwa na filamu 43. Siku ya Boksingi nilikaa na kalamu nyekundu, nikazikata sita: zile ambazo nilikuwa nimesinzia, zile ambazo nilienda jikoni "kunywa maji" na nikarudi baada ya kusoma jumbe zote, na moja ambayo kwa kweli siikumbuki hata nikisoma jina lake. Zikabaki 37. Kwa mhasibu hiyo ni hasara ya wazi, lakini ndiyo hesabu pekee ya daftari lile ninayoweza kuitia saini.

Filamu ya 38 kwa mpangilio wa daftari nimeiacha iwe ya mwisho hapa, kwa sababu niliitazama kinyume cha masharti. Ilikuwa Novemba. Mama alikuwa amekuja kutoka Taita kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na alikaa nami majuma mawili jicho moja likiwa limefunikwa na la pili likingoja zamu yake. Jumapili ilipofika nilimweleza kuhusu ahadi yangu, nikamwambia anaweza kulala mapema kama kelele zitamsumbua. Akauliza ni filamu gani. Nikamwambia ni Mandabi, ya Senegali, ya mwaka 1968, ya huyohuyo Sembène niliyemtaja, aliyekuwa mwandishi wa riwaya akaingia kwenye filamu kwa sababu watu aliowaandikia wengi wao hawakuweza kusoma Kifaransa chake. Nikamwambia inahusu mani oda, ile karatasi ya kutumia pesa kwa posta. Akavuta kiti.

Tatizo lilijitokeza kabla hata majina hayajaisha. Watu wanazungumza Kiwolofu, maandishi ni ya Kiingereza, na Mama kwa jicho lile moja hakuweza kuyaona, na hata angeyaona Kiingereza si lugha yake. Sharti la nne likavunjika hapo hapo. Nilianza kusimulia, na mara moja nikasikia koo langu likitoa sauti ya Kayole, ile ya haraka, isiyoacha tundu. Filamu inaanza na vinyozi wakinyoa watu nje, kwenye vumbi la mjini, na Ibrahima Dieng, mhusika mkuu, ananyolewa kichwa, kisha kinyozi anaingia na wembe hadi puani. Nikaanza: "Sasa huyu ndiye mwenyewe, ni mzee mwenye majivuno, unaona..." Mama akainua mkono.

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Hapo naona mwenyewe."

Nikanyamaza. Akamtazama mzee yule akifumba macho chini ya wembe, akamtazama akirudi nyumbani, akila hadi kubeua huku wake zake wawili wakimhudumia, na akaanza kucheka peke yake, kicheko cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba. Tangu hapo tukapata mwendo. Mimi nilisema tu kile ambacho macho hayawezi kukipata: kwamba mani oda imetoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris, kwamba ni faranga 25,000, kwamba 2,000 ndizo za mzee mwenyewe, 3,000 ni za mama wa kijana na 20,000 ni za kuwekewa akiba. Yaliyobaki alijisomea. Mzee anapofika dirishani na kuambiwa alete kitambulisho, Mama alitikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Anapoambiwa kitambulisho kinahitaji cheti cha kuzaliwa, na cheti kinahitaji tarehe ambayo hakuna aliyeiandika, na picha, na stempu, na kila kimoja kinahitaji pesa ambayo iko ndani ya karatasi asiyoweza kuibadilisha, mimi nilikuwa nimekwisha kunyamaza kabisa, na aliyekuwa akisimulia alikuwa yeye. "Hapo atarudishwa," alisema. "Hapo atakopa." Alikuwa sahihi kila mara.

Nilidhani ni wepesi wa akili tu. Ndugu msomi wa Dieng, yule mvaa suti, alipomwekea mzee karatasi ya kutia saini ili amchukulie pesa hizo, na baadaye akarudi kumwambia kwamba zimeibwa, Mama hakusema kitu. Filamu ikaisha. Nilienda kuwasha taa, nikamkuta anatazama skrini iliyokuwa nyeusi.

Kabla ya M-Pesa kuja mwaka 2007, baba alituma pesa za matumizi kutoka Nairobi kwa mani oda. Hilo nililijua. Nilikuwa mdogo, na nilikumbuka karatasi zile kama habari njema, kwa sababu siku zilipofika tulinunuliwa mandazi. Nisichokijua ni kwamba baba aliandika jina la ndoa, na kitambulisho cha Mama kilikuwa na jina la kwao. Alishuka kutoka milimani kwa miguu mara tatu mwaka mmoja, nikiwa mgongoni, na mara tatu karani akarudisha karatasi kwa kuisukuma chini ya kioo kwa kidole kimoja. Alinionyesha kidole hicho juu ya meza yangu, jinsi kilivyosukuma. Mara ya nne shemeji mmoja aliyejuana na watu wa pale akamwambia amwachie, atamsaidia.

"Zilifika?" nikamuuliza.

"Zilifika nusu." Akairekebisha bandeji ya jicho kwa vidole viwili. "Baba yako nilimwandikia kwamba zimefika zote. Amekufa akijua zilifika zote."